Radhi ya Mtu wa Nasibu

Kaka yangu mkubwa alipima majedwali ya sifuri na moja, yale yanayotumika kufunga siri za watu kwenye mitambo. Jedwali moja lina nafasi mia mbili hamsini na sita. Ofisini aliletewa yaliyotengenezwa na mashine. Nyumbani alirusha sarafu mezani na kujaza la kwake kwa mkono, apate la kulinganishia.

Siku moja nikamkuta anarusha.

"Kazi gani hii, kaka?"

"Nasibu, mdogo wangu."

"Bahati nasibu?"

Akacheka. "Bahati sina. Nasibu tu."

Nikadhani ananikwepa. Nikafululiza mpaka kwa Mama, nikamwambia mwanawe anacheza kamari mchana kweupe. Mama ni mtu wa sala, na kamari kwake ni najisi. Akaapa kwamba mcheza kamari hapati radhi yake.

Kaka alikuja mara tatu kuiomba.

"Mama, sichezi. Napima tu."

"Hata mlevi husema anaonja tu."

Mara ya nne hakuja. Shinikizo la damu lilimwangusha kwenye ngazi za ofisini.

Msibani, mwenzake wa kazini alileta daftari na ile sarafu. Nikamuuliza kwa ukali kaka yangu alikuwa akicheza na nani.

"Acheze na nani, dada? Hapa hakuna wa kushinda wala wa kuliwa." Akanionyesha idadi ya zile moja, iliyoandikwa chini ya kila jedwali: 121, 135, 126. "Sarafu ya kweli hukaribia nusu, yaani 128, ila nusu kamili haiji mara nyingi. Katika majedwali ishirini, labda moja. Mashine ilileta ishirini, yote nusu kamili. Kaka yako akasema yamepikwa, akakataa kuweka sahihi. Mwizi wa siri angeanza kubahatisha hapohapo."

Jedwali la ukurasa wa mwisho liliishia mstari wa sita, halikujaa.

Nilipomweleza Mama, akaniuliza, "Nani aliniletea habari ya kamari?"

Alijua. Alitaka niseme kwa mdomo wangu.

"Mimi, Mama."

Akaweka kiganja juu ya daftari, akaitamka radhi mara tatu kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Akanigeukia tuombe pamoja.

Niliomba. Kabla ya amina nikaishia njiani, na mpaka leo huishia hapohapo.