Utatupa Udongo?

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe, nyumbani kwangu Nyakabuye. Mke wangu Furaha yu hai. Nenda kamuulize.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya Kongo. Kuna siku tulipalilia maharage huku tukisikia mizinga kutoka ng'ambo ya mpaka. Jua likianza kuinama hakuna gari lililothubutu kutembea, na basi dogo la mwisho la Kamembe liliondoka mapema. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea watu matofali na udongo wa kujengea. Siku moja injini ilichemka, ikapasuka kulasi, yaani kile kichwa cha injini. Nikamwita Fundi Saidi, Mwislamu wa Kamembe, mtu wa utani mwingi. Alikuja na kulasi nyingine, si mpya, akaifunga pale pale uani kwangu. Alipomaliza akapangusa mikono akasema, "Leo itaimba."

Wapi! Ukizungusha ufunguo, tak, basi. Taa zinawaka vizuri, betri ni nzima, lakini injini haigeuki. Saidi akasafisha buji, yaani plagi, akaigonga demareri, ile mota ya kuwashia injini, kwa nyundo, tukalisukuma gari kwenye mteremko. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Mwishowe akaamua kwamba demareri imekufa, akawahi basi la mjini kwenda kutafuta nyingine.

"Kesho, papa," aliniambia.

Kesho! Mtoto tumboni anaijua kesho? Magharibi ile ile, mvua ikinyesha, Furaha akashikwa na uchungu. Watoto wetu wawili wa kwanza tulikuwa tumewazika siku ile ile waliyozaliwa, na daktari alikuwa amenionya waziwazi: huyu wa tatu akizaliwa nyumbani, utampoteza yeye na mama yake. Nilimkalisha Furaha kwenye kiti cha mbele, nikafungua boneti, nikaanza kugonga chochote nilichokiona. Nililia. Nani asingelia?

"Iko naumwa wapi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, nikaona bwana wa rika langu, shati jeupe, viatu vya ngozi. Sasa sikiliza vizuri: mvua ilikuwa inamwagika, na shati lake lilikuwa kavu kama limetoka sandukuni. Ungemuuliza? Mimi sikuuliza. Mfa maji hukamata maji.

"Injini inakatala, papa," nikamwambia. "Na bibi yangu anataka kuzaa."

Akamtazama Furaha kupitia kioo, muda mrefu kupita adabu. Kisha akaniamuru nizungushe ufunguo mara kadhaa, nirudi pale mbele.

"Shika hii waya ya gazi. Iko moto?"

Niliishika, nikauondoa mkono haraka. Waya wa kukanyagia mafuta, na injini haijawaka hata kidogo, ulikuwa unaunguza!

"Hii gari inakosa udongo," akasema.

Saidi na wenzake wanauita masi, ule waya mnene unaofunga injini na bodi ili umeme urudi kwenye betri. Yeye aliuita udongo, na maneno aliyoongeza sijayasahau: "Umeme umekosa njia ya kurudi kwabo. Njo maana unatangatanga, unapita fasi haiko yake." Akaingiza mkono kwenye giza la injini, bila taa, akauvuta waya ambao Saidi alikuwa ameusahau ukining'inia, akaufunga mahali pake. Nikazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma!

Nilishuka mbio nimkumbatie, akarudi nyuma.

"Na wewe," akaniuliza, "utatupa udongo?"

Nikatazama nyuma ya pikapu. Kweli, kulikuwa na lundo la udongo wa mteja, limelowa, zito. Nikasema moyoni, mtu mwema huyu, anataka nipunguze mzigo.

"Nitatupa, papa. Kesho tu nitatupa. Panda twende."

Akatikisa kichwa. Nilipokaa kwenye usukani na kutazama tena, uani hapakuwa na mtu.

Askari wa kizuizi cha barabarani walipomwona Furaha walitupisha bila maneno. Alijifungua hospitalini Kamembe, mtoto wa kike, mzima kabisa. Niliporudi nyumbani nikachukua koleo, nikautupa ule udongo wote nyuma ya nyumba, nikaona ahadi nimeitimiza.

Kumbe! Kila magharibi mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na ziwa hataki. Akakonda, akawa mwepesi mikononi. Hospitalini hawakuona ugonjwa wowote. Nikaogopa tutamzika wa tatu. Jioni moja, kwa kutaka tu kumtuliza Furaha, nikamkumbusha yule bwana aliyetuokoa, na jinsi nilivyomtii nikautupa udongo. Akaacha kumbembeleza mtoto.

"Ule muntu hakusema mambo ya kutupa," akasema. "Alikuwa anaomba. Utatupa sisi. Utatupatia sisi udongo. Na alikuwa analia, wewe hukuona?"

Wewe unayejua Kiswahili, litamke neno lenyewe: utatupa. Mimi nilisikia koleo, yeye alikuwa anaomba kaburi. Na hakusema *utanipa*, alisema *utatupa*, sisi.

Asubuhi nilikuwa Kamembe, nimemshika Saidi shati: kulasi aliitoa wapi? Utani ukamwisha. Akakiri aliifungua kwenye gari lililoachwa Nzahaha, kwenye mikaratusi chini ya barabara, tangu watu walipokimbia. Tukaenda wote, na Furaha na mtoto. Karibu na pale mama mmoja mzee alikuwa analima, naye akatueleza bila kuacha jembe.

"Ni bwana na bibi yake. Bibi alikuwa na tumbo kubwa, anamupeleka kuzaa. Gari ikakatala kuwaka. Bwana alikuwa ameinama pa moteri, anatafuta ugonjwa, njo bauaji bakabakuta."

"Nani aliwazika, mama?"

"Nani? Batu balikuwa banakimbia. Balifunikwa majani tu."

Tuliwakuta chini ya nyasi, karibu na gari. Walikuwa wa upande gani hatukuuliza. Tulichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukawalaza pamoja. Saidi akaomba kwa dini yake, mimi kwa yangu, na Furaha, mtoto mgongoni, akatupa konzi ya kwanza ya udongo. Magharibi ile mtoto alishika ziwa, akanyonya, akalala.

Leo ni msichana mkubwa. Lakini magharibi ikiingia hunyamaza, hata kama alikuwa anacheka, mpaka giza litulie. Hajui kwa nini, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia. Mimi nami, mtu akiniomba kitu, hata chumvi, namrudishia maneno yake nipate hakika. Majirani wananiita kiziwi. Waache. Kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiletewa kifaa kilichofunguliwa kwenye gari lililoachwa, usikague nyufa peke yake. Uliza waliokuwa ndani wamelala wapi. Yule bwana aliujua ugonjwa wa gari langu kwa kugusa mara moja, na nadhani ugonjwa wa lake pia aliujua, ila wauaji walimfikia mkono ukiwa bado kwenye waya.