Mtani Aliyeudharau Mji Wangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini Songea naijua kuliko watu wenye ramani. Ndiyo maana hasira niliyoipata mwezi uliopita haijanitoka, nikaona bora niiandike.

Mjukuu wangu, mwalimu wa shule ya msingi, kachumbiwa na kijana wa Kihehe. Baba mdogo wa kijana akaja kutoka Iringa kupanga harusi. Mimi nilitaka ifungwe kwenye kanisa kuu letu, nilikofungia ndoa mimi, akafungia na mama yake huyo binti. Yule bwana, chai haijapoa, akasema, "Mama, harusi tutaifanyia Iringa. Hapa kwenu ni kijiji chenye taa za barabarani."

Mjukuu wangu akainama akachezea kijiko.

"Umefika lini?" nikamuuliza mgeni.

"Jana jioni."

"Umeona nini?"

"Stendi, na kitanda cha gesti."

"Basi vaa viatu."

Tukatoka watatu, tukaanzia Soko Kuu. Nikamwonyesha maharage yaliyorundikwa mpaka kifuani, dagaa wa Ziwa Nyasa, na mahindi yetu yanayolisha mikoa isiyojua hata yanakotoka. Akasema hata Iringa soko lipo. Kanisani alibaki nje anaongea na simu. Kwenye uwanja wa mpira wa Majimaji akauliza kama siku za kawaida tunafungia mbuzi humo. Nikamwelekeza milima ya Matogoro, nikamwambia mto Ruvuma unaanzia kule juu, unakwenda kuwa mpaka wa nchi, mpaka baharini. Akajibu, "Yaani ninyi mmebaki na kijito, maji yote mmewaachia wenzenu."

Nilimeza hasira. Mhehe na Mngoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Wao wanatuita wala panya, sisi tunawaita wala mbwa, tukimaliza tunanawa mikono tunakula pamoja. Lakini kunikera kulinikera. Watu wanashuka kwenye basi, wanalala usiku mmoja, wanataka kutuambia sisi tunaishi wapi.

Mwisho nikawapeleka mtaa wa Mahenge, hapa hapa mjini, kwenye makumbusho, penye kaburi la pamoja la wazee walionyongwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji. Baba wa bibi yangu yumo humo. Nikamwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Akacheka. "Kumbe ndio hawa walioambiwa risasi itageuka maji wakakubali? Na wajukuu wao ndio wanatupangia harusi?"

Mjukuu wangu akanishika mkono. Nikauondoa taratibu.

Sasa nieleze, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni mdomo tu. Kwetu mtani anaweza kuja msibani akalala ndani ya kaburi akadai apewe hela ndipo atoke. Anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa anachechemea, na wafiwa wakacheka na machozi yao. Hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu kaburi kalichimba yeye, maji kateka yeye, na uwanja kafagia yeye. Kazi ndiyo inayompa ruhusa ya kusema.

Nikamwambia, "Mtani akicheka kaburini, kwanza kafanya kazi. Wewe hapa umeshika nini?"

"Mama, nilikuwa natania tu."

"Najua. Basi malizia." Fagio la chelewa la mzee anayetunza mahali pale lilikuwa limeegemezwa ukutani, nikamwonyesha. "Ukifagia, umenitania. Ukikataa, umenitukana, na binti huyu hatoki nyumbani kwangu, si kwenda Iringa wala kwingine."

Akamtazama mjukuu wangu, labda alitegemea amtetee. Binti akatazama majani yaliyodondoka. Yule bwana akavua koti, akakunja suruali yake iliyopigwa pasi, akainama. Alifagia kama mtu aliyezoea kufagiliwa, vumbi likimrudia usoni, lakini alilizunguka kaburi lote.

Alipomaliza akasimama mbele yangu anahema. "Mama, nisamehe. Tajeni ninyi siku. Sisi tutapanda basi tuje hapa."

Nikamwambia siku tutamtajia, lakini upande wa nyuma amebakiza majani.