Viganja vya Esdras

Esdras Habumugisha wa kijiji cha Bihambwe alitengeneza sufuria. Alikusanya aluminiamu, yaani moteri za pikipiki zilizokufa na sufuria zilizotoboka, akaiyeyusha kwa makaa na kuimwaga ndani ya umbo la mchanga lenye sura ya sufuria. Hata mjini Mweso watu walipika maharagwe ndani ya sufuria zake.

Mchanga ule hulowanishwa kidogo ili ushikamane, kisha umbo hukaushwa kando ya moto. Maji yakibaki ndani, aluminiamu ya moto ikiyagusa, inaruka yote juu. Esdras alijua sana hayo. Lakini viganja vyake viliungua zamani, ngozi ikafa, havisikii tena baridi wala unyevu. Kwa hiyo kila umbo lilipimwa unyevu kwa mkono na mke wake, Adelaïde.

“Mama, mukono yako ndio mashini yangu,” Esdras alikuwa akimwambia.

“Na siku mashini itarudia kwa baba yake, utafanya je?”

Walicheka.

Juma moja mvua haikukatika. Mama Mukandayisenga wa kanisa lao akafa, na Esdras alikuwa ameahidi sufuria kubwa ya kupikia watu wa kilio. Asubuhi ya maziko Adelaïde alikwenda shambani kung’oa maharagwe haraka, maana ilisemekana wenye bunduki wanashuka kilimani. Bienvenu, kijana mwimbaji wa kwaya, akaja.

“Papa Esdras, watu bamejaa kule! Sufuria iko wapi?”

“Ngoja Mama arudi apime.”

“Atarudi mangaribi! Tia mukono weye mwenyewe. Unaogopa mchanga, muzee muzima?”

Aluminiamu ilikuwa imeshaiva. Esdras akatia mkono ndani ya umbo. Hakusikia kitu, akadhani kutosikia kule ndio ukavu.

“Iko sawa,” akasema.

Siku zote alimwaga akigeuza uso pembeni. Siku hiyo umbo lilikuwa kubwa, akainama aone kama linajaa. Ule mlipuko Adelaïde aliusikia akiwa shambani.

Walimpeleka hospitali ya Mweso kwa pikipiki, amefungwa kitenge usoni. Jicho la kushoto madaktari walilitoa. La kulia linatambua tu kama kumekucha.

Mimi ni mteja wake wa zamani; nilipopita kwake kiangazi hiki, jiko lake la kuyeyushia lilikuwa limeota majani. Bienvenu alikuwepo; anakuja kila Jumapili. Siku hiyo alijikaza.

“Papa, nifundishe kazi. Nitakuwa macho yako.”

“Nitakufundisha je? Ikiiva inabadilika rangi, na ile rangi haina jina. Nilikuwa naiona tu.”

“Utaniambia polepole.”

“Hapana, mutoto yangu. Utaungua, na mimi nitakusikia ukilia.”

Adelaïde alikuwa akimenya mihogo karibu nasi. Hakuinua kichwa. Jua lilipokuwa kali Bienvenu akamshika Esdras mkono, amuingize nyumbani.

“Niache tu,” akasema Esdras. “Inje na ndani kwangu iko moja.”