Mstari Mwekundu wa Bibi Daftari

Huyu ni Bibi Daftari, mjukuu wa mchimba visima aliyechimba vitatu na vyote vikatoa maji. Binti wa mwashi aliyejenga ukuta wa shule ambao mvua za miaka hamsini hazijautikisa. Mjane wa dereva wa lori aliyeendesha miaka thelathini bila kugonga hata kuku. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba, akafaulu, nafasi zikawa chache, akaolewa. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limeandikwa kwenye cheti, lakini ukiliulizia pale kijijini watu watakutazama kama umepotea njia. Sema Bibi Daftari, utapelekwa mpaka mlangoni.

Daftari lenyewe ni kubwa, la jalada gumu, na hili ni la tano tangu aanze. Ndani yake mna kero za kijiji, kila moja na tarehe yake: bomba linalovuja karibu na mashine ya kusaga, taa ya njia panda iliyokufa, choo cha soko kisicho na mlango, mbwa wa mwenye duka la dawa anayechagua watu wa kuwabwekea. Kwa miaka thelathini na mmoja, mtu akiwa na kero hampelekei mwenyekiti wa kijiji. Anampelekea Bibi Daftari, naye Bibi Daftari humwendea mwenyekiti na ukurasa umefunguliwa, mwenyekiti akakosa pa kujifichia. Taa ya njia panda ilirudi kuwaka hivyo. Choo kikapata mlango, tena wenye komeo. Mbwa tu ndiye aliyeshindikana.

Sheria zake ni mbili. Ya kwanza, haandiki kitu mpaka akione kwa macho yake. Ukisema bomba linavuja, anavaa viatu, anakwenda, anaweka kiganja chini ya bomba, anarudi na kiganja kimelowa, ndipo anaandika. Ya pili, kero ikiisha anakwenda tena kuona, kisha anaipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Huupiga kwa rula, taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni ya mdomo. Mstari ukishapigwa, jambo limekwisha na halina mjadala. Asubuhi watu walipita barazani kwake kutupia jicho daftari lililofunguliwa mezani, wakaendelea na shughuli zao wakijua kijiji kimeamkaje.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kijiji kizima kinamwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Redio alileta kero kwamba jogoo wa jirani anawika kabla ya saa yake. Akaleta nyingine kwamba benchi la zahanati limelala upande mmoja. Bibi Daftari alikwenda zahanati na glasi ya maji, akaiweka juu ya benchi mbele ya wagonjwa, akainama kuyatazama maji. Hayakulala upande wowote. Mara kumi na moja Redio alileta kero, na mara kumi na moja wifi yake alikwenda, akaona, akarudi, asiandike.

"Za watu wote unaandika, zangu unatupa," Redio alilalamika. "Kaka yangu angekuwa hai ungethubutu?"

"Kaka yako ndiye aliyenionya," Bibi Daftari alimjibu, na hapo wote wawili walicheka, maana marehemu kweli alikuwa akisema kazi ya lori aliipenda kwa sababu ya utulivu.

Basi mwaka jana magoti ya Bibi Daftari yakaanza kumfanyia ukorofi. Hakumwambia mtu. Mtu aliyezoea kukizunguka kijiji mara mbili kabla ya chai hawezi kuanza kutangaza habari za magoti. Alijifanya ana kazi nyingi za mezani. Kero za karibu alizitembelea kama zamani, za mbali akaziahirisha mpaka siku magoti yatakapokuwa na huruma. Hata ngazi ya mlangoni kwake ilipovunjika kona, alijifunza kukanyaga upande wa pili huku ameshika fremu, akaona mambo yanakwenda.

Sasa, kati ya kijiji upande mmoja na shule na zahanati upande wa pili, kuna korongo, na juu ya korongo kuna daraja la mbao la waenda kwa miguu. Mbao zake zilikuwa zimeoza. Kero hiyo Bibi Daftari aliiandika kabla magoti hayajaharibika, na seremala wa kijiji akaifanyia kazi. Seremala huyu ni mtu wa maneno machache na ya kweli. Ndiye aliyetengeneza meza anayoandikia Bibi Daftari, na meza ilifika siku aliyosema, saa aliyosema. Alianza daraja Jumatatu. Jumatano alasiri alipita barazani na mbao begani, akasema zimebaki nne tu na kabla ya jua kuzama atakuwa amefunga kazi.

Bibi Daftari aliutazama mteremko wa kwenda korongoni. Akayatazama magoti yake. Akamtazama seremala mgongoni akienda zake, mtu ambaye hajawahi kumwangusha. Kisha akavuta rula, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari. Ulimi haukuchungulia siku hiyo.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja, ilikuwa Jumanne, Redio akatokea barazani na kandambili mguu mmoja, mguu wa pili uko wazi na una tope mpaka kwenye kifundo.

"Nimeleta ya kumi na mbili," akasema akijitupa kwenye kiti. "Na hii usinikatalie. Huu mtindo mpya wa daraja haufai."

"Mtindo gani?"

"Ile nafasi ya katikati. Vijana wanairuka, haya. Sisi wenye nyonga zetu tunatumbukiza mguu, kandambili inaondoka na maji."

Bibi Daftari akaweka kikombe chini. Akamtaka wifi yake aeleze pole pole, na Redio, ambaye hajawahi kuombwa kueleza, akaeleza kwa raha zote. Katikati ya daraja pana nafasi ya upana wa mbao nne. Iko hivyo tangu seremala amalize. Wengine wanasema imewekwa ili maji ya mvua yapite. Mwenye mashine ya kusaga anasema mbao zikipata joto zinatanuka, lazima daraja lipumue. Watoto wa shule wanapeana mikono kuvuka. Nesi wa zahanati yeye anarusha mkoba kwanza, halafu anaufuata.

"Na hakuna aliyekuja kuniambia?"

"Tukuambie nini, wifi? Mstari si umepigwa? Kama wewe umeliona ukasema limekwisha, mimi nani niseme halijaisha?"

Maneno hayo yalimchoma Bibi Daftari kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa, na katika miaka thelathini na mmoja ametukanwa na watu wenye kipaji. Kijiji kizima kilikuwa kinaruka shimo kwa sababu kinamwamini.

Na keshokutwa yake, Alhamisi, afisa maendeleo alikuwa anakuja kutoka wilayani. Mwaka huo kila kijiji kingefanyiwa kazi moja tu, na afisa alishasema kwamba kwao hatasumbuka kuuliza watu, atachukua kero ya kwanza isiyo na mstari kwenye daftari la bibi. Daraja lilikuwa na mstari. Mvua zilikuwa karibu, na korongo likijaa hakuna wa kurusha mkoba. Akinyamaza, daraja litabaki hivyo hivyo na watoto watavuka hivyo hivyo. Akisema, jina la miaka thelathini na mmoja linakwenda na maji kama kandambili ya wifi yake, na huenda daftari nalo likafuata.

Akainuka, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" Redio akauliza.

"Kuona."

Njiani kila hatua ya mteremko magoti yalidai haki yao. Redio alimtazama wifi yake akishuka kiubavu kama anayeteremka kutoka juu ya lori. Halafu akamsogezea bega, Bibi Daftari akalishika. Walishuka hivyo bila neno, jambo ambalo kwa Redio lilikuwa sawa na kufunga siku tatu.

Shimo lilikuwepo. Chini ya daraja, zimeegemezwa vizuri kwenye ukingo, zilikuwepo mbao nne mpya na kopo la misumari. Hapo wakakumbuka: jioni ile ile ya Jumatano seremala aliitwa ghafla, mama mkwe wake amezidiwa, akaondoka na mkewe kwenda mbali, na mpaka leo wanamuuguza.

Redio akashika kiuno. Akasema ni rahisi. Aseme tu kwamba seremala alimdanganya. Yuko mbali, hatasikia.

"Wewe ukishajua jambo," Bibi Daftari akasema, "nani hatasikia?"

Alhamisi watu walikusanyika darasani, magoti yamebanwa chini ya madawati ya watoto. Afisa, kijana mwenye miwani na adabu zake, alimwamkia Bibi Daftari mbele ya wote, akalisifu daftari, akasema vijiji vingine viige mfano. Kisha akafunua. Kero ya kwanza isiyo na mstari ilikuwa rangi ya ofisi ya mwenyekiti, iliyobanduka. Mwenyekiti akaweka kola yake sawa.

Bibi Daftari akasimama, mkono mmoja juu ya dawati.

"Mwanangu, rudi ukurasa mmoja nyuma. Mstari wa daraja niliupiga mimi, na sikwenda kuona. Seremala hakunidanganya. Magoti yananiuma, nikaona haya kusema, nikapiga mstari nimekaa. Daraja halijaisha."

Dawati moja likalia. Afisa akavua miwani. Akauliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, sasa ile mistari mingine yote ataiaminije.

"Usiiamini," Bibi Daftari akasema. "Nenda ukaone." Akabaki amesimama, kwa sababu kukaa kungehitaji magoti.

Ndipo Redio akainuka, na watu wakaguna, wakijua chakula cha mchana kimechelewa.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ni wifi yake wa damu ya mumewe. Huyu mama amenikatalia kero kumi na moja. Benchi la zahanati alilipimia maji kwenye glasi, mbele ya watu, nikaaibika wiki nzima. Kwa ajili ya jogoo aliamka alfajiri akaenda kumsikiliza. Kama angekuwa mtu wa kuandika asichokiona, angeandika zangu, angalau nimpumzishe masikio. Hiyo mistari mingine mimi naiapia. Nimeichukia kwa miaka mingi, naijua."

Watu wakacheka mpaka madawati yakasogea. Kicheko hakijaisha, mwenye mashine akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akakiri kwamba jioni ile seremala alimpa ujumbe wa kumfikishia bibi, kwamba mbao nne zimebaki. Alikwenda, akamkuta bibi amesinzia kitini na daftari liko wazi. Akaona mstari, akajisemea basi, kumbe zimeshapigiliwa, akarudi kusaga.

"Halafu ukasema daraja linapumua," Redio akamkumbusha.

"Sasa ningesemaje?"

Afisa akavaa miwani, akasema twendeni tukaone. Wakaenda wote, darasa zima, na Bibi Daftari akashuka begani kwa wifi yake, safari hii bila kumficha mtu. Kule afisa alipiga magoti kwenye ubao wa mwisho, akainamisha kichwa, akachungulia chini. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na vumbi usoni, akasema mbao nne zisingesaidia kitu: boriti ya upande wa zahanati imeoza ndani, inashikiliwa na mazoea tu. Mvua moja kubwa na daraja lote lingelala chini, na watu juu yake. Akalitia daraja kwenye karatasi yake, boriti mpya mbili na mikono ya kushikia pande zote. Rangi ya mwenyekiti ingesubiri. Mwenyekiti akaachia kola.

Daraja lilikwisha siku nane kabla ya mvua, na seremala, aliyerudi baada ya mkwewe kupata nafuu, alipigilia ubao wa mwisho kwa mkono wake. Bibi Daftari alikwenda kuona. Alivuka, akageuka, akavuka tena, akashika mikono ya daraja pande zote mbili kama anayesalimia wageni. Nyumbani, chini ya mstari wake wa zamani, akapiga wa pili, taratibu, ulimi nje.

Jumapili akamwita wifi yake. Mezani alikuwa ameweka daftari, rula na kalamu nyekundu, vimepangwa, na akavisukuma vyote upande wa pili.

Redio alivitazama. Akatazama nyuma yake, labda kuna mtu mwingine. "Mimi? Watu watacheka, wifi."

"Wacheke. Miguu unayo. Na umekataliwa mara kumi na moja, unajua inavyouma. Hutamkatalia mtu kabla hujakwenda kuona."

Redio akaigusa rula kwa kidole, na Bibi Daftari akaendelea.

"Kuna kero moja haijaandikwa, iko tangu mwaka jana. Ngazi ya mlango wangu, kona ya kulia. Anza na hiyo."

Redio akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akachukua kalamu. Kisha akaitua. Akaondoka, akaenda mlangoni, akachuchumaa, akatia kidole kwenye ufa, akakizungusha. Aliporudi kidole kilikuwa cheupe kwa saruji.

"Tarehe kwanza," Bibi Daftari akamwambia, akanyoosha miguu yake chini ya meza.