Ubao wa Mama Misumari

Katika yadi ya magari iliyo nyuma ya kituo cha mafuta yupo mwanamke ambaye wenzake wote humwita Mama Misumari. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ubao uliotundikwa katika ofisi yake ndogo. Ubao huo una misumari sitini, kila msumari na namba yake, na kila namba ni ya gari moja. Gari likiingia, ufunguo wake hupewa msumari. Likiuzwa, msumari hubaki mtupu mpaka lije jingine. Kwa miaka kumi na tisa hajapoteza ufunguo hata mmoja. Kila asubuhi huizunguka yadi nzima na daftari mkononi, akigusa boneti moja baada ya nyingine, mithili ya mwalimu aitaye majina darasani.

Mwaka huu alikuja meneja mpya, mtu mpole lakini mwenye haraka. Alileta kompyuta, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi ubao utashushwa na Mama Misumari atahamia mapokezi. Kiti cha mapokezi kina mto laini, na juu yake kuna feni. Yeye hakukitaka. Alimwambia mumewe, ambaye ni fundi viatu, kwamba kumtoa yadini ni kumtoa samaki majini kisha kumsifia sahani. Mumewe alicheka, lakini alipoona mkewe hacheki, akarudia kushona kiatu.

Alhamisi moja muuguzi mmoja alitarajiwa saa nne kuja kuchukua gari lake jipya. Lilikuwa dogo, jeupe, moja kati ya saba yaliyofanana kama mayai ya kuku mmoja, yote yamepangwa mstari mmoja kando ya ukuta. Muuzaji alichukua ufunguo wake kwenye msumari wa kumi na moja, akaenda kwenye gari la kwanza, ambalo karatasi iliyobanwa chini ya waipa yake iliandikwa kumi na moja. Akabonyeza. Taa zikawaka kwenye gari la mwisho. Alijaribu ufunguo wa kumi na mbili. Likawaka la pili kutoka mwisho.

Meneja aliitwa. Alisimama mbele ya gari la katikati, akasoma namba ya chesisi pembeni mwa kioo, akailinganisha na kompyuta. Karatasi ya gari hilo ilikuwa sahihi. Basi, akaamua, karatasi hazina kosa. Kosa liko kwenye funguo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mbele ya muuzaji, "ubao umekuchanganya. Tuushushe leo hii."

Mama Misumari alichukua daftari lake. Aliomba robo saa tu. "Nikikosa, nitaushusha kwa mikono yangu mwenyewe."

Alianza mwanzo wa mstari, akisoma chesisi na kufuatisha daftari. Gari la kwanza lilikuwa la kumi na saba. La pili, kumi na sita. La tatu, kumi na tano. Alipofika la nne, namba na karatasi vikakubaliana. Hapo alifunga daftari, akaenda kumtafuta mwoshaji magari, mzee mcheshi aliyezoea kutaniana naye.

"Shemeji, jana ulipoosha mstari wa ukutani, karatasi ulizifanyaje?"

"Nilizitoa zisilowe. Nikazipanga moja juu ya moja, vizuri, maana nakujua kwa makelele."

"Na kuzirudisha?"

"Nikachukua ya juu, nikaanza gari la kwanza. Kosa langu nini tena?" Kisha akavitazama viganja vyake, kana kwamba rundo lingali humo. "Lo. Ya mwisho kuitoa ndiyo iliyokuwa juu."

"Umezipindua zote, shemeji. Limenusurika gari la katikati tu."

"Basi nisifu kwa hilo moja."

Meneja alisoma chesisi zote saba yeye mwenyewe, huku Mama Misumari akibonyeza funguo. Kila gari liliitika kwa ufunguo wake. Meneja alijipapasa kipaji cha uso, akakiri kwamba alikuwa ametazama gari moja tu.

"Tena ulitazama lile lisiloweza kukosea," Mama Misumari alimjibu bila kejeli, akaanza kuzirudisha karatasi mahali pake.

Muuguzi alifika saa nne na dakika tano, akaondoka na gari lililo lake, wala hakujua kwamba karibu aondoke na la mwenzake.

Jioni meneja aliingia katika ile ofisi ndogo, akautazama ubao. Kisha akasema kompyuta italetwa humo, iwekwe mezani chini ya misumari, na Mama Misumari ndiye atakayeilisha namba. Akaomba pia wazunguke yadi pamoja asubuhi, apate kujifunza.

"Saa moja na nusu," Mama Misumari alimwambia. "Na uvae viatu vya kutembelea."

Nyumbani mumewe aliuliza habari za mapokezi. Akajibu kwamba ule mto utapata mwenyewe.

Kesho yake meneja alifika kwa wakati, akaanza kugusa boneti na kuhesabu kwa sauti. Alikuwa amefika la tisa aliposikia nyuma yake sauti tulivu:

"Rudi, mwanangu. Umeruka moja."