Herufi Ndogo za Kihispania

Mke wangu alifundisha Kiingereza sekondari hapa Tabora mpaka alipostaafu. Kosa lililomkera kuliko yote ni mwanafunzi kuandika jina la lugha kwa herufi ndogo. Hakugomba. Alilizungushia neno kalamu nyekundu, akarudisha daftari.

Binti yetu aliolewa Hispania, akajaliwa mtoto wa kike. Kiswahili cha mjukuu kilikuwa cha kuamkia tu: shikamoo bibi, shikamoo babu, basi. Mke wangu akaamua kujifunza Kihispania. Jioni alikaa barazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, akaandika sentensi kwenye simu na kuzituma, na mjukuu, aliyekuwa ameanza shule, akamsahihishia.

Siku moja binti alipiga simu huku anacheka. "Mama, mjukuu wako anasema unatia herufi kubwa kila mahali. Huku jina la nchi ndilo linaloanza na kubwa. Lugha, watu wake, miezi, siku za wiki, vyote vidogo."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu, mama."

"Na 'mimi' je? Waingereza wanaliandika kwa kubwa hata katikati ya sentensi."

"Huku dogo tu."

Alipokata simu alinigeukia. "Watu wanaidogosha lugha yao wenyewe," akasema, kwa huzuni kabisa. Lakini alijifunza. Wiki chache baadaye mjukuu hakuwa na la kusahihisha.

Kabla ya mvua kuanza, akapata kiharusi. Alipozinduka hospitalini, Kihispania kilikuwa kimekwenda, Kiingereza kimekwenda, hata Kiswahili, lugha ya ndoa yetu. Kilichobaki ni Kinyamwezi cha utotoni mwake, kwao Goweko. Mimi ni mtoto wa mjini; najua salamu na maneno ya sokoni. Alikuwa akinisemesha, kisha ananyamaza kungoja jibu, nami namshika mkono.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa kalamu mkono wa kushoto, akamwandikia maneno ya kunakili. Mojawapo lilikuwa neno 'Kiingereza'. Alinakili yote kwa herufi ndogo, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Nilimtazama usoni nione kama ameona kosa. Hakuona. Nikatoka nje nikasimama ukutani mpaka nilipoweza kurudi.

Mdogo wake akaja kutoka Goweko kumuuguza. Asubuhi moja mgonjwa alisema jambo moja tena na tena.

"Anasema nini, shemeji?"

"Anauliza kama mama ameshatoka shamba la tumbaku."

Mama yao alikuwa marehemu tangu wao wakiwa wasichana.

"Mwambie yuko njiani," nikasema.

Shemeji alinitazama, kisha akamwambia. Mke wangu akatulia, akageukia mlangoni. Alifariki siku hiyohiyo, adhuhuri.

Baada ya maziko mjukuu aliuliza kwa simu bibi alisema nini mwishoni. Nilimweleza binti: alikuwa anamngoja mama yake. Nikamsikia akimtafsiria mtoto, sauti ikikatika katikati ya neno.