Mpishi Aliyekatazwa Kuonja

Maharage ya Esteri yalikuwa na dhambi ndani yake. Kwenye kibanda chake cha mabati pale Kumsenga aliyamwagia mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama macho ya mlevi. Watu wakiyala na ugali wa muhogo walinyamaza kwa heshima, kama wametoka komunyo. Hata mama mkwe wake, Ndayikeza, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumsifia mkamwana huyo kitu chochote, alikuwa akikomba sufuria kwa kidole.

Kisha ukaja Mradi wa Familia Hai. Uliletwa kutoka Kasulu na Lukmani, afisa lishe ambaye tumbo lake lilikuwa likitangulia kushuka garini. Aliwakusanya akina mama waliotoka kulima tangu alfajiri, majembe bado begani, akawaambia waruke papo hapo walipo ili kuuamsha mwili.

"Wangu uliamka saa kumi na moja, bwana afisa," mmoja akamwambia. "Ungekuwepo, ungeupokea jembe."

Lakini waliruka. Baada ya kuruka kulikuwa na soda.

Esteri aliruka kuliko wote. Mradi ulikuwa unatafuta mpishi mmoja wa kuajiri, azunguke kata zote akifundisha mapishi ya afya, naye angepewa pikipiki na chumba Kibondo mjini. Pikipiki hakuijali. Chumba ndicho kilichomkosesha usingizi. Tangu mumewe afe alikuwa akiishi uani kwa Ndayikeza, akiulizwa alikotoka hata akienda chooni. Alitaka mlango wenye kufuli, na ufunguo uwe wake peke yake.

Sharti lilikuwa moja: siku ya wageni, wafadhili wa mradi, awapikie wanakijiji, na sahani zirudi tupu.

Lukmani akampa karatasi ya kanuni. Mawese, kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Chumvi, ya kunusisha tu. Kanuni ya nne: mpishi asionje mbele ya walaji, mate yanaeneza magonjwa.

Sasa, Buha yote, nchi hii ya Waha, inajua kwamba anayekupa chakula huanza yeye. Anaonja, unaliona koo likimeza, ndipo unapokea. Hakuna anayeeleza sababu, kama vile hakuna anayeeleza kwa nini mlango una komeo. Esteri alikuwa akionja hivyo maisha yake yote, kila sufuria, mbele ya kila mteja.

"Kaka Lukmani, huku kwetu bila kuonja..."

"Dada Esteri, huo ushamba ndio tumekuja kuufuta. Au nimtafute mwingine?"

Esteri akakiona chumba. Akajiambia hawa watu wamekula kwake miaka kumi, wanamjua.

Siku ya wageni akavaa glavu nyeupe za mpira, kama anaosha maiti. Akapakua maharage ya karoti, meupe, yasiyo na hata tone la kujivunia. Tharsisi, seremala mzee ambaye hakuna chakula cha bure kilichowahi kumpita, alikuwa wa kwanza. Akapokea sahani, akaitazama, akangoja.

"Onja basi, mwana wanje," akamwambia kama anayesema na binti yake.

Esteri akamtupia macho Lukmani. Lukmani akatikisa kichwa.

"Hairuhusiwi, baba. Kula tu."

"Onja kidogo. Hata kwa ncha ya ulimi."

"Ni kanuni, baba."

"Haya, na aonje afisa."

"Mimi nina vidonda vya tumbo," Lukmani akasema haraka. "Daktari amenikataza maharage."

Tharsisi akaiweka sahani chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nyuma yake sahani zikafuatana, moja, tatu, kumi. Wageni wakaacha kupiga picha. Hapo Esteri akavua glavu, akachota kwa mkono, akala, akachota tena, akala huku machozi yakimdondokea.

"Mnaona? Nakula! Nakula mimi!"

Ndayikeza ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kufikia kila sikio: "Anayeonja baada ya kubembelezwa, amekwisha kunywa dawa ya kujikinga na sumu yake."

Ripoti ya mradi ilisema jamii ya Kumsenga ina uelewa mdogo wa lishe. Kazi akapewa binti wa Kasulu mwenye cheti, asiyejua hata kuchagua maharage. Siku mbili baadaye mtoto wa jirani aliumwa tumbo kwa maembe mabichi, maembe hayakushtakiwa, ilishtakiwa sufuria ya Esteri.

Wateja wakahama. Esteri alipika vilevile, mawese yamerudi yote, akionja mbele ya kila mpita njia, tonge moja, tonge tano, mpaka jioni anaimaliza sufuria peke yake. Akanenepa kama ndama wa sikukuu.

Miezi minane baadaye Lukmani alirudi na kamera, anatafuta picha za bango la zahanati. Akamkuta kibandani, mdomo umejaa, akamsimamisha kando ya sufuria.

"Tabasamu, dada. Geuka upande, tumbo lionekane."

Esteri aligeuka. Alidhani wamemkumbuka kwa ile kazi.

Bango sasa liko ukutani. Upande wa kulia yupo binti wa Kasulu, mwembamba, kashika karoti: BAADA. Kushoto ni Esteri: KABLA. Siku lilipobandikwa, Ndayikeza alikwenda kulitazama, akarudi nyumbani, akaiweka sufuria yake mwenyewe mekoni; cha Esteri hakukionja tena.